Mama, Niwekee

 

Leo hapa redioni nina habari ya chakula cha jioni nilichokula Dar es Salaam, na chakula chenyewe ni cha Kijapani. Najua kuna mtu tayari ameinua mkono kubadili stesheni. Mtu wa hapa Tunduma mpakani ana mahindi ya kupakia, ana kwacha za kubadilisha, ana dereva anayedai posho, samaki mbichi wa Wajapani atamfanyia nini? Aushushe mkono huo kidogo. Safari hii inapita Mbozi, inapita Momba, na mwisho inarudi stendi.

Nilikuwa nimefuatana na viongozi wawili wa AMCOS moja ya Mbozi, yaani chama cha ushirika cha wakulima, waliokwenda kwenye kikao cha wadau wa kahawa. Mmoja ni mwenyekiti, mzee wa miaka sabini na ushee. Mwingine ni mama mweka hazina, ambaye akikuazima kalamu anaandika. Mimi nilikuwa nabeba kinasa sauti. Kikao kilipokwisha, mnunuzi mmoja wa Kijapani aliyekwisha kufika Mbozi mara mbili akatualika chakula. Ujanani aliwahi kufundisha hapa nchini kwa kujitolea, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha darasani, kimenyooka kuliko changu. Mtu akikosea ngeli mbele yake, anaona haya yeye.

Mkahawa wenyewe uko upande wa Masaki. Jina silitaji, hawajalipia tangazo.

Tulikuta ukimya. Hakuna muziki, hakuna runinga yenye mpira. Kuna kaunta ndefu ya mbao isiyopakwa rangi, na nyuma yake mpishi amesimama kama karani wa zamani wa posta, mikono miwili juu ya ubao. Tukaketi mbele yake. Kabla ya lolote, kijana akaleta vitambaa vya moto vimeviringishwa, kila mtu chake. Mama akafuta mikono, akakikunja, akakirudisha. Mwenyekiti akafuta mikono, akafuta uso, akafuta shingo, akaingia nyuma ya masikio. Kilomita zaidi ya 900 za barabara zilikuwa bado ziko mwilini mwake, na zote zikahamia kwenye kitambaa. Mimi nikatazama pembeni. Mwenyeji wetu akacheka, akasema baba yake mzazi hufanya hivyohivyo, na mama yake humgombeza hivyohivyo. Pale pale mwenyekiti akawa mtu wa nyumbani.

Tukangoja menyu, haikuja. Mwenyeji akaeleza kuwa katika mikahawa ya namna hii mgeni haagizi. Anamwachia mpishi aamue kulingana na kilichoingia siku hiyo, na utaratibu huo Wajapani wanauita *omakase*, yaani nakuachia wewe. Watu husafiri kutoka nchi nyingine kwenda Tokyo kulipa fedha nyingi wapate nafasi ya kuachia namna hiyo. Mama mweka hazina akafikiri kidogo. "Si ndiyo kama madereva pale Tunduma?" akaniuliza. "Wanafika usiku, wamechoka, wanakaa kwenye benchi wanasema, mama, niwekee."

Nikamtafsiria mwenyeji, ingawa hakuhitaji tafsiri. Akatoa daftari dogo mfukoni akaandika. Kwa hiyo huenda leo kuna Mjapani anayejua kwamba *omakase* kwa Kiswahili ni "mama, niwekee."

Kitu cha kwanza kilikuwa jodari. Hapa nawaomba mvute subira, maana nilikuwa karibu kiasi cha kusikia kisu. Kilikuwa chembamba, kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidole, kimenolewa upande mmoja tu. Mpishi hakukata kwa kwenda na kurudi kama tunavyokata sisi. Aliweka kisu juu ya nyama kuanzia karibu na mpini, akakivuta kuelekea kwake mara moja, mpaka ncha, basi. Kipande kikalala. Akafuta kisu kwenye kitambaa kilicholowa, akarudia. Kila kipande, kufuta. Nyama ilikuwa nyekundu iliyoiva kama tunda la kahawa lililofika siku ya kuchumwa, na uso wake uling'aa bila damu.

Mwenyekiti akakitazama kipande chake. "Mimi," akasema, "sili kitu ambacho hakijaonana na moto."

"Mwenyekiti," mama akasema, "si wewe niliyekuona Nakonde unatafuna vinkubala kwenye karatasi?"

"Vinkubala vilikaangwa, mama. Huyu hata habari za kufa kwake bado hazijamfikia."

Nawakumbusha wasikilizaji wa mbali: vinkubala ni viwavi waliokaushwa, wenzetu wa Zambia, kule Nakonde ng'ambo ya mpaka, wanawapenda sana, na sisi wa mpakani tumejifunza. Mtu wa Dar akionyeshwa mfuko wa vinkubala atakimbia kama mwenyekiti alivyotaka kukimbia jodari. Kila jamii ina mlango wake ambao mgeni husitasita kuuvuka.

Kilichomvusha mzee ni mpishi. Alikuwa kijana wa Kitanzania, mtu wa Lindi, aliyejifunza kazi hiyo kwa Mjapani. Akainama kidogo: "Shikamoo mzee. Jodari huyu nimemchagua mwenyewe alfajiri, amevuliwa na wavuvi wa Unguja kwa mshipi, si kwa wavu. Nimemtoa tumbo na damu mbele ya aliyeniuzia." Mwenyekiti akaitikia marahaba, na mtu akishaitikia marahaba hana budi kula. Akala. Akatafuna polepole, macho kwenye dari. Halafu akasukuma kisahani mbele bila neno, na mpishi akaongeza.

Vijiti vilitutesa, sikatai. Nami ndiye niliyefanya kosa kubwa la usiku ule. Wali ulipokuja, nilichoka kuvishika, nikavichomeka wimawima katikati ya bakuli. Mwenyeji akanyamaza. Akanyoosha mkono taratibu, akavichomoa, akavilaza kwenye kijiwe chake. Baadaye akanieleza kwa upole kwamba kwao vijiti huchomekwa hivyo kwenye wali wa marehemu, unaowekwa mbele ya maiti. Na kupokezana chakula kijiti kwa kijiti pia ni mwiko, kwa sababu ndivyo ndugu wanavyookota mifupa baada ya maiti kuchomwa. Nilijisikia kama mgeni anayepokea ugali kwa mkono wa kushoto mbele ya wakwe. Akaniokoa: "Hii huliwa kwa mkono," akasema, akionyesha wali uliofinyangwa na kipande cha samaki juu yake. Akasimulia kwamba sushi ya namna hiyo ilianza karne ya 19 katika jiji la Edo, ambalo ndilo Tokyo ya leo, ikiuzwa kwenye vibanda vya barabarani kwa watu wenye haraka. Unasimama, unakula kwa vidole, unakwenda zako. Nikatazama kaunta ile ya mbao, taa zile, ukimya ule. Kumbe tumeketi kwa mama lishe aliyepanda cheo.

Wali ulileta mgogoro. Mama aliuonja, akaweka chini. "Umetiwa siki."

"Ndiyo mama, na sukari kidogo na chumvi," mpishi akasema.

"Na umeshikana."

"Lazima ushikane, mama."

"Mchele wa wapi?"

Aliposikia umeagizwa kutoka nje, mama aligeuka mzima. Anaagiza mchele, na Kyela ipo? Na Kamsamba ipo? Kijana akajitetea vizuri. Mchele wetu unasifiwa kwa kuchambuka, punje moja haimtaki jirani yake, na harufu yake inafika kwa jirani kabla ya mwenye nyumba hajapakua. Wao wanataka punje fupi, nene, inayonata, na isiyo na harufu ya kumshinda samaki. Mama alikubali maelezo. Mchele hakuusamehe.

Habari za kile kitu cha kijani kinachochoma pua mmeshazisikia kwa kila aliyepita huko, sizirudii. Niseme tu kwamba mwenyekiti, mwenye shamba la maparachichi, alikuwa na dhana yake juu ya rangi ile, na dhana hiyo ilimtoa machozi.

Sasa nifike kwenye kitu kilichonifanya niwe na mazungumzo haya. Hakikuwa samaki.

Katikati ya mlo mpishi alileta mbele yetu bakuli la udongo lenye mifereji ndani, kama kinu kifupi, na mchi wa mti. Akachukua kikaango kidogo, akamimina ufuta, akautikisa juu ya moto. Ulianza kurukaruka, tiki, tiki, tiki. Moshi haukutoka, ilitoka harufu. Mimi kwa mama ni mtu wa Momba. Harufu ile ilinishika shingo ikanirudisha jikoni kwa bibi, nimechuchumaa karibu na mafiga, naambiwa niondoke nisije kuungua. Mpishi akamimina ufuta kwenye lile bakuli, akauzungusha kwa mchi mpaka ukaanza kutoa mafuta na kushikamana, akatia sukari kidogo na ule mchuzi mweusi wa soya, halafu akaingiza majani ya spinachi yaliyochemshwa na kukamuliwa maji. Akachanganya kwa vidole. Akatupakulia kiasi cha kukaa kiganjani.

Bibi alikuwa anaunga kunde kwa ufuta. Hakuwa na soya wala bakuli la mifereji. Alikuwa na kinu, na subira ileile. Nilikula nikashindwa kusema kitu kwa muda, na mwenyeji hakuniuliza.

"Ufuta wa wapi huu?" hatimaye nikasema.

"Wa kwetu Lindi," akasema mpishi, mara moja.

"Wa kwetu Momba," nikasema.

Tukabishana kama watani. Lindi na Mtwara ni wakubwa kwenye ufuta, hilo namwachia. Lakini nani alimwambia kwamba Momba tunalima ubuyu? Kila msimu tunapanga foleni ghalani kusikia mnada umefika shilingi ngapi kwa kilo. Kijana akasema tuache maneno, akainama chini ya kaunta akatoa pakiti. Ilikuwa nzuri, ya kung'aa, ina dirisha dogo la kuonyesha punje, na imeandikwa Kijapani mbele na nyuma. Imetoka Japan kwa meli. Mwenyeji akavaa miwani akatusomea: ufuta uliosafishwa, umefungwa na kampuni fulani, uhifadhiwe mahali pakavu. Lindi haimo. Momba haimo.

Akavua miwani. Kwao, akasema, ufuta unatiwa karibu katika kila kitu, lakini karibu wote unaagizwa kutoka nje, na Tanzania ni moja ya nchi zinazowauzia. Wanausafisha, wanaukaanga, wanaufunga. Kisha pakiti moja moja inarudi Dar es Salaam kwa bei ambayo kijana aliitaja kwa sauti ya chini, na mama mweka hazina akaifanyia hesabu kwenye kitambaa cha karatasi. Aligawa, akagawa tena, akakikunja kile kikaratasi akakitia kwenye pochi. Hakutuambia jibu. Namfahamu, lilikuwa baya.

Zikaja tambi, zinaitwa *soba*, za rangi ya udongo, ndani ya mchuzi wa moto. Mwenyeji wetu, mtu mpole yule, akainamia bakuli akazivuta kwa kishindo. Fyuuu! Mama akashtuka. Kwetu mtoto akila hivyo anapigwa kofi la kisogoni. Mwenyeji akatueleza kwamba kwao tambi huvutwa pamoja na hewa, ladha ipande puani, tena mpishi akisikia anafurahi. Mwenyekiti akapiga meza. "Kama waonjaji wa kahawa!" Na ni kweli. Mliowahi kuona kahawa ikionjwa mnajua: mtu mzima, koti jeupe, anachota kijiko anakivuta kwa sauti ya kufungua breki ya lori, anatema, anaandika namba. Mzee akainua bakuli, akavuta tambi zake, Mbozi nzima ikasikia.

Ndipo mwenyeji wetu akaona wakati umefika. Akafungua mkoba, akatoa pakiti nyingine, safari hii ya kahawa, akamkabidhi mwenyekiti kwa mikono miwili. Ni zawadi kutoka Tokyo. "Kahawa yenu," akasema.

Mzee akaigeuza. Kuna picha ya mlima wenye theluji. Akaomba asomewe jina. Mwenyeji akaweka kidole chini ya herufi, akazitaja moja moja: Ki, ri, ma, n, ja, ro.

"Hii ya Moshi," mzee akasema.

"Hapana. Humu mna ya Mbozi. Nilinunua mimi."

Kumbe, wasikilizaji, kwa kanuni za wafanyabiashara wa kahawa kule Japan, arabika ya Tanzania inaruhusiwa kuitwa Kilimanjaro, popote ilikolimwa nchini, isipokuwa ya Bukoba. Hata ikichanganywa na nyingine, ikifika asilimia 30 ya mchanganyiko, jina linakaa. Jina lenyewe lilipata umaarufu huko baada ya filamu ya Kimarekani ya mwaka 1952 kuhusu theluji za Kilimanjaro, iliyotokana na hadithi ya Hemingway. Kwa hiyo mzee anapalilia kahawa yake Mbozi, anachuma tunda jekundu moja moja, anamenya, anaosha, anaanika kwenye vichanja na kuifunika mvua ikitishia, na mlima ule hauonekani kutoka kwake hata akipanda juu ya Kimondo pale Ndolezi.

"Basi mtoto wangu," mwenyekiti akasema polepole, "kabatizwa ugenini, kapewa jina la mjomba."

Mwenyeji akainamisha kichwa. Hakujitetea, akasema tu kwamba jina hilo ndilo linalouza, na bila jina hilo huenda asingefika Mbozi kabisa. Nami namwamini. Isitoshe, sisi wenyewe majina yetu hayajakauka wino. Mkoa wa Songwe umezaliwa mwaka 2016, kabla yake kahawa hiyohiyo ilikuwa ya Mbeya.

Lakini kuna kitu kilinichosha usiku ule, nikiwa nimekaa mbele ya kijana aliyejua jodari wake kavuliwa na nani na kwa mshipi gani. Mlo wa Kijapani, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2013, unasifiwa pamoja na mengine kwa kuheshimu mahali na majira. Samaki ana bahari yake, tambi zina mkoa wake. Vitu viwili tu mezani havikuwa na kwao, ufuta na kahawa. Vyote viwili vya kwetu. Na sisi watu wa Tunduma tumezoea vitu vinavyopita bila jina. Shaba ya Zambia na ya Kongo inapita mbele ya milango yetu mchana na usiku, malori yanangoja mihuri kwenye kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa Oktoba 2019, nasi tunaulizana foleni imefika wapi. Hatuulizani mzigo unakwenda kuwa nini. Tumekuwa wazuri wa kuhesabu magurudumu.

Bili sikuiona. Mwenyekiti alitaka kumwachia mpishi kitu, mwenyeji akasema kwao hawafanyi hivyo, anayepewa huweza kujisikia kama amedharauliwa. Kijana wa Lindi akasema kwa heshima kwamba yeye si Mjapani.

Tulirudi na basi. Nilishuka Tunduma saa za jioni, njaa inauma, nikaenda moja kwa moja kwa mama lishe wangu karibu na stendi. Benchi limejaa madereva, Mzambia mmoja anaagiza ugali kwa jina la *nshima*, Mkongo mmoja amelala ameegemea nguzo. Nikakaa.

"Mama, niwekee."

Akaniwekea wali, maharage, samaki wa kukaanga. Nikamtazama yule samaki, ugonjwa wa Masaki ukanipanda. Nikauliza, "Mama, huyu samaki ametoka wapi?"

"Kwani unataka kumposa?"

Benchi lote likacheka, hata yule Mkongo akaamka. Mama aliponiona nimekaza uso akaweka upawa chini, akajishika kiuno.

"Mgebuka huyo. Katoka Kasanga, kaja na gari la Sumbawanga la jana usiku. Mchele wa Kamsamba, nanunua kwa mtu mmoja tu, miaka sita sasa. Maharage ya shambani kwangu. Chumvi ndiyo sijui kwao."

Akanimiminia maji, nikanawa.

"Na kahawa ipo, mama?"

"Kahawa hakuna. Kuna chai ya rangi."